Mbwa ao paka akigonjwa: dalili za kuangalia, dawa za kuepuka

Mtoto wa mbwa aliyekuwa akicheza jana jioni anaamka amejilaza pembeni ya ukuta. Hataki kula, hata akipewa ndagala. Saa sita ya mchana anatapika povu la manjano, jioni anahara damu. Katika parseli kila mtu ana neno lake: mmoja anasema amekula sumu ya panya, mwingine anasema jirani amemroga, wa tatu anakimbia farmasi kununua paracetamol na vidonge vya antibiotiki. Kesho yake mbwa amekufa, watoto wanalia, na hakuna anayejua kilichomuua.

Kisa cha namna hiyo si kigeni kwa wakaaji wa Bukavu, Goma, Butembo, Bunia, Uvira, Kalemie ao Kindu. Mbwa ni sentineli wa usiku, na paka ndiye analinda mfuko wa muhindi na maharagi. Lakini waganga wa wanyama si wengi, na wale walioko mara mingi wanashughulika na ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku. Mwenye mbwa ao paka anabaki peke yake mbele ya mgonjwa asiyeweza kusema anaumwa wapi.

Kwa hiyo kuna maulizo matatu ya kujibu haraka. Ugonjwa huu unaweza kungoja mpaka kesho? Ni dawa gani haipashwe kutolewa hata kidogo? Na je, ugonjwa huu unaweza kumpata mtu? Ulizo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu kosa lake halirudi nyuma.

Kwanza, mnyama mzima yuko namna gani?

Mtu hawezi kutambua ugonjwa kama hajui mnyama wake akiwa mzima. Mbwa ao paka mwenye afya ana ufizi wa rangi ya waridi. Ukiukandamiza kwa kidole, pale panakuwa peupe, kisha rangi inarudi kabla ya sekunde 2 kuisha. Ufizi ukiwa mweupe kama karatasi, mnyama amepungukiwa damu ao damu haitembei vizuri. Ukiwa wa manjano, ini ao damu ina shida. Ukiwa wa bluu ao wa kahawia, hewa haifiki mwilini, na hapo hakuna kungoja.

Ngozi ya mabega nayo inaonyesha jambo. Ikivutwa juu na kuachiliwa, inapashwa kurudi mara moja. Ikibaki imesimama kama hema, mnyama amekauka maji. Joto la mwili la mbwa na paka ni kubwa kuliko la mtu: kati ya digri 38 na 39,2 hivi, likipimwa kwa kipima-joto kinachoingizwa kidogo katika mkundu. Ndiyo maana kugusa pua ao masikio hakutoshi kusema mnyama ana homa. Pua kavu peke yake si ugonjwa, na mbwa mwenye homa kali anaweza kuwa na pua yenye maji.

Dalili zinazoonyesha kwamba hali ni ya haraka ni hizi: kuhara damu, kutapika mara kwa mara, kushindwa kusimama, kupumua kwa shida akiwa amelala, degedege, kushindwa kukojoa, na mabadiliko ya ghafula ya tabia. Mnyama mwenye moja ya hizo hangoji siku ya soko.

Kuhara damu: parvo

Kisa cha mtoto wa mbwa cha hapo juu kinafanana sana na parvo, ugonjwa wa virusi uliojulikana duniani mwaka 1978 na ambao leo uko karibu kila nchi. Unapenda kushika mbwa wenye umri wa wiki 6 mpaka miezi 6 ambao hawakupata chanjo. Kinachoanza ni unyonge na kukataa chakula, kisha kutapika, kisha kuhara maji yenye damu na harufu kali isiyosahaulika. Virusi vinakula ngozi ya ndani ya matumbo na kushusha askari wa damu. Bila matunzo, mtoto wa mbwa anaweza kufa katika siku 2 ao 3.

Hakuna kidonge kinachoua virusi hivyo. Kinachookoa ni maji. Munganga wa wanyama anatia serumu katika mshipa ao chini ya ngozi, anatoa dawa ya kuzuia kutapika, na anaongeza antibiotiki kwa sababu vijidudu vya tumboni vinapita katika matumbo yaliyoharibika na kuingia katika damu. Mbwa akifikishwa mapema, wengi wanapona.

Kama munganga yuko mbali, nyumbani inawezekana kutengeneza maji ya kusaidia: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Ni yale yale yanayopewa mtoto anayehara. Mbwa anapewa kidogo kidogo, kijiko kidogo kimoja kila baada ya dakika 10 ao 15, kwa sindano isiyo na shindano, kwenye pembe ya mdomo. Akitapika yote, kumlazimisha hakufai: maji yanaweza kuingia katika mapafu. Huyo anaomba serumu ya munganga. Kutapika kukiisha, anaanza na wali laini uliochanganywa na samaki ao kuku wa kuchemsha, bila mafuta, bila chumvi nyingi, bila pilipili wala kitunguu.

Parvo haiendi pamoja na maiti. Virusi vinaweza kukaa katika udongo miezi mingi, hata mwaka, na vinatembea katika viatu. Familia inayopoteza mbwa leo na kuleta mwingine wiki ijayo katika parseli ile ile mara mingi inampoteza na huyo. Sabuni ya kawaida haiui virusi hivyo. Javel inaviua: kipimo 1 cha javel katika vipimo 30 vya maji, baada ya kuondoa uchafu wote, na kuachwa dakika 10 kabla ya kusuuza. Pale penye udongo mtupu, javel haifanyi kazi vizuri, kwa hiyo dawa ya kweli ni kungoja, na kuleta mbwa aliyekwisha kupata chanjo.

Tongotongo, kamasi na kutetemeka: Carré

Ugonjwa wa Carré unaanza sawa na mafua. Macho yanatoa tongotongo zito, pua inatoa kamasi, mbwa anakohoa, ana homa, saa nyingine anahara. Watu wanasema ni baridi. Kisha anaonekana kupona, na baada ya wiki 2 ao 3 misuli ya uso ao ya mguu inaanza kuruka yenyewe, mbwa anatafuna hewa, anaanguka degedege. Ngozi ya nyayo inaweza kuwa ngumu. Wakati virusi vimefika katika ubongo, matunzo yanaweza kidogo tu.

Carré haimpati mtu, lakini inatoka kwa mbwa mpaka kwa wanyama wa pori. Mwaka 1994, katika mbuga ya Serengeti huko Tanzania, virusi hivyo viliua karibu simba 1 kati ya 3, na watafiti waliona njia yake kwa mbwa wa vijiji vya kandokando. Wakaaji wa kandokando ya mbuga za Virunga na Kahuzi-Biega wanaofuga mbwa wa kuwinda wako katika jirani ya namna hiyo.

Dalili moja inaomba uangalifu: mbwa wa Carré anayeanguka na kutoa mate anaweza kufanana na mbwa mwenye raje. Pasipo munganga wa kupambanua, ni heri kumchukua kama mwenye raje na kutomgusa kwa mikono mitupu.

Tumbo kubwa, mwili mkonde: minyoo

Karibu kila mtoto wa mbwa ana minyoo. Mingine inapita kutoka kwa mama kabla ya kuzaliwa, mingine katika maziwa. Dalili zake zinajulikana: tumbo la duara juu ya mbavu zinazoonekana, manyoya yasiyong'aa, kikohozi kidogo, kutapika kitu kinachofanana na tambi. Minyoo ya safura, ile inayong'ata matumbo na kunyonya damu, inafanya ufizi kuwa mweupe na mavi kuwa meusi kama lami. Hiyo inaweza kuua kitoto cha mbwa.

Dawa ya minyoo inatolewa mapema: kuanzia wiki ya 2 ya umri, kila wiki 2 mpaka wiki ya 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Mbwa mkubwa anapewa kila miezi 3. Mama mwenye kunyonyesha anapewa pamoja na watoto wake. Kipimo kinafuata uzito, na munganga ndiye anayesema dawa gani.

Hapa afya ya mbwa inagusa afya ya watoto wa nyumba. Mayai ya minyoo yanatoka na mavi, yanakaa katika mchanga ambamo watoto wanacheza, na yanaingia mdomoni kwa vidole. Kwa mtoto, vijinyoo vinaweza kutembea mpaka ini, mapafu, hata jicho. Kuokota mavi ya mbwa kila siku na kuyatupa katika choo, na watoto kunawa mikono kwa sabuni mbele ya kula, kunafanya kazi kubwa kuliko dawa nyingi. Vilevile maini na mapafu mabichi ya mbuzi ao kondoo yanayotupwa kwa mbwa pale machinjioni yanaweza kumpa tegu mdogo sana, ambaye mayai yake yanatengeneza mifuko ya maji katika ini ao mapafu ya mtu. Yakichemshwa vizuri, hatari hiyo inaisha.

Kupe, viroboto na upele

Kupe si mdudu wa kuudhi tu. Anaingiza katika damu ya mbwa vijidudu vinavyovunja chembe nyekundu. Mbwa anapata homa, anakataa kula, ufizi unakuwa mweupe ao wa manjano, na mkojo unakuwa mweusi sawa na kahawa. Mkojo wa namna hiyo ni jambo la siku ile ile: kuna dawa, lakini inaomba kufika mapema. Kupe anaondolewa kwa pinseti ao kwa vidole vilivyofunikwa, akishikwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa pole pole moja kwa moja. Kumchoma kwa kiberiti ao kumwagia petroli kunaunguza mbwa bure.

Viroboto vinatambulika kwa alama nyeusi kama vumbi la makala chini ya manyoya. Vumbi hilo likiwekwa kwenye karatasi nyeupe yenye maji na kutoa rangi nyekundu, ni mavi ya kiroboto, maana yake ni damu. Viroboto vingi haviko juu ya mbwa. Mayai na watoto wao wako katika mikeka, magunia na nyufa za sakafu. Kuosha mbwa bila kuosha pale analala ni kazi nusu. Na vipande vyeupe kama punje za mchele vinavyoonekana chini ya mkia ni tegu, anayepita kwa kiroboto ambacho mbwa amemeza akijiramba.

Upele unaanza kwenye ncha za masikio, viwiko na tumbo. Mbwa anajikuna usiku na mchana, manyoya yanaanguka, ngozi inakuwa nene. Watu wa nyumba nao wanaweza kuwashwa mikono na tumbo. Dawa za kweli ziko na zinafanya kazi, lakini mahali pengi mbwa anapakwa mafuta machafu ya injini, yale yaliyomwagwa kutoka motokari. Mafuta hayo hayaponyi. Yanaunguza ngozi, na mbwa anayameza akijiramba. Hali ni ile ile kwa dawa za kuua wadudu wa shamba: zinaweza kumuua mbwa kabla ya kuua upele.

Paka: mgonjwa anayejificha

Paka akiumwa hapigi kelele. Anaingia chini ya kitanda ao juu ya dari na kunyamaza. Kwa hiyo dalili yake ya kwanza ni kutoonekana. Paka asiyekula siku 2 yuko hatarini hata kama ugonjwa wa mwanzo ulikuwa mdogo, kwa maana ini lake linaanza kujaa mafuta.

Mafua ya paka yanaleta macho yaliyofungwa kwa usaha, kupiga chafya na vidonda vya ulimi. Paka asiyesikia harufu hali. Kumsafisha macho na pua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, na kumpa mchuzi wa samaki uliopashwa moto ili harufu ipande, kunasaidia sana. Paka mdogo anayetapika, kuhara na kulala kichwa juu ya bakuli la maji bila kunywa anaweza kuwa na tifusi ya paka, ndugu wa parvo. Anatunzwa namna moja, na javel inatumiwa vilevile.

Paka dume anayeenda kukojoa mara kwa mara, anakaza, analia na hatoi kitu, si mwenye kufunga choo kama wengi wanavyofikiri. Njia ya mkojo imeziba. Kibofu kinajaa, figo zinasimama, na katika siku 2 ao 3 anakufa. Hakuna dawa ya nyumbani kwa jambo hilo. Kukandamiza tumbo kwa nguvu kunaweza kupasua kibofu. Anapelekwa siku ile ile.

Dawa ya mtu inayoua mnyama

Paracetamol ni kidonge cha kila nyumba. Kwa paka ni sumu. Ini lake halina namna ya kuivunja: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Ufizi unakuwa wa kahawia, uso na miguu vinavimba, anapumua kwa shida. Mbwa naye anaweza kuharibika ini kwa kipimo kikubwa. Ibuprofen na diclofenac, zile za maumivu ya mgongo, zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake.

Dawa za viroboto zenye permetrini, zilizoandikwa kwamba ni za mbwa, hazipakwi paka: zinamletea kutetemeka na degedege. Ivermektini ya ng'ombe ni nzito sana, na tone la ziada kwa mtoto wa mbwa ni hatari. Antibiotiki zilizobaki za mtoto aliyepona hazitibu parvo, Carré wala minyoo.

Mnyama akila sumu, watu wengi wanakimbilia mafuta ya mawese ao maziwa. Mawese hayatoi sumu. Sumu nyingine inayeyuka vizuri katika mafuta na kuingia mwilini haraka zaidi, na mnyama anayetetemeka anaweza kuyavuta mapafuni. Kinachofaa ni kumwosha kama sumu iko kwenye manyoya, kuchukua pakiti ao chupa ya sumu ile, na kumfikisha kwa munganga. Jina la sumu ndilo linaamua matunzo. Sumu nyingi za panya zinazuia damu kuganda, na damu inaanza kutoka puani ao katika mavi baada ya siku 3 mpaka 5. Kwa hizo kuna vitamini K1, ambayo inaokoa ikitolewa mapema.

Raje: hapa ugonjwa si wa mbwa tu

Kati ya magonjwa yote ya mbwa na paka, raje ndiyo inaomba kila mtu wa kartie aifahamu. Dalili zikisha kuonekana, karibu kila mnyama na karibu kila mtu anakufa. Duniani, watu wanaokadiriwa 59.000 wanakufa kwa raje kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Visa karibu vyote vya watu, mpaka 99 kati ya 100, vinatoka kwa mbwa. Na kati ya wale wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, karibu 4 kati ya 10 ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto anacheza na mbwa yeyote, anaumwa uso na mikono, na mara nyingine anaficha kwa kuogopa kupigwa.

Virusi viko katika mate. Vinaingia kwa kuuma, kwa kukwaruza, ao mate yakigusa kidonda, jicho ao mdomo. Kisha vinatembea pole pole katika mishipa ya fahamu mpaka ubongo. Kwa mtu, safari hiyo mara mingi inachukua miezi 2 ao 3, lakini inaweza kuwa wiki moja ao mwaka. Muda huo ndio nafasi ya kumwokoa.

Watu wengi wanangoja kuona mbwa mkali, mwenye povu, anayekimbia barabarani. Huyo yuko kweli. Lakini iko raje nyingine, ya kimya. Mbwa anajificha gizani, anabadilisha sauti, taya la chini linaning'inia, mate yanatiririka, hawezi kumeza, miguu ya nyuma inalegea. Mwenyewe anafikiri mfupa umemkwama kooni, anaingiza mkono ndani ya mdomo kuutafuta. Hapo ndipo anapoambukizwa, bila kuumwa. Mbwa wa kawaida anayekuwa mkali ghafula, ama mbwa mkali anayekuwa mpole ghafula, wote wawili wanapashwa kuogopesha. Na si kweli kwamba mbwa anayekaribia maji hana raje: hofu ya maji ni dalili ya mtu mgonjwa, si ya mbwa.

Mbwa aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana, ao aliyeuawa baada ya kuuma mtu, hachunwi wala haliwi. Anayemchinja na kupasua kichwa chake anashika mate na ubongo kwa mikono, na kidonda kidogo cha kidole kinatosha. Anazikwa ndani sana, kwa kushikwa na mifuko ya plastiki mikononi, isipokuwa kama ofisi ya mifugo imeomba kumpima.

Mtu akiumwa, saa ya kwanza

Kitu cha kwanza si gari wala motari. Ni maji na sabuni. Kidonda kinaoshwa dakika 15 nzima, kwa maji yanayotiririka kutoka bomba, bido ao jagi, hata kama ni mkwaruzo tu. Sabuni inavunja virusi. Kisha kinapakwa alkoli ao iyodini kama iko. Kidonda hakifungwi kwa nguvu, na hakishonwi kabla munganga hajasema.

Kisha mtu anaenda kituo cha afya siku ile ile. Chanjo ya raje kwa watu haipatikani katika kila kituo, kwa hiyo inafaa kuuliza ofisi kuu ya zone ya afya (BCZ) mahali iko, badala ya kuzunguka kutoka farmasi moja mpaka nyingine. Inatolewa mara kadhaa kwa siku zilizopangwa, na kuacha katikati kwa sababu kidonda kimepona ni kosa linaloua. Kwa vidonda vizito, munganga anaongeza serumu ya raje katika kidonda chenyewe.

Jiwe jeusi, pilipili, majani, mafuta, chumvi ao kahawa juu ya kidonda havitoi virusi. Kwenda kwenye maombi hakukatazwi, lakini kunafuata chanjo, hakuichukui nafasi.

Na mbwa mwenyewe? Kama anajulikana na anaweza kufungwa bila hatari, asiuawe haraka. Anafungwa na kuangaliwa siku 10. Mbwa ao paka ambaye mate yake yana virusi anaonyesha dalili ao anakufa katika siku hizo. Akiwa mzima siku ya 10, hakumwambukiza mtu siku ile ya kuuma, na munganga anaweza kusimamisha chanjo. Lakini mtu anaanza chanjo mara moja, hangoji siku 10 ziishe.

Chanjo iko bei nafuu kuliko maiti

Chanjo ya kwanza ya raje kwa mtu ilitolewa na Louis Pasteur huko Paris mwaka 1885, kwa kijana wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa. Tarehe 28 Septemba, siku Pasteur alipofariki mwaka 1895, ndiyo Siku ya Raje Duniani, na mahali pengi kampeni za chanjo za mbwa zinapangwa karibu na siku hiyo. Mbwa 7 kati ya 10 wakipata chanjo, ugonjwa unakosa njia ya kupita katika kartie.

Mbwa na paka wanapata chanjo ya raje kuanzia miezi 3 ya umri, inarudiliwa mwaka unaofuata na kisha kama munganga alivyopanga. Chanjo ya parvo na Carré inaanza mapema zaidi, kwenye wiki 6 ao 8, na inarudiliwa kila wiki 3 ao 4 mpaka mbwa afikishe wiki 16. Dozi moja peke yake kwa mtoto wa mbwa haitoshi, kwani maziwa ya mama yanaweza kuizuia. Munganga wa wanyama anapatikana kupitia ofisi ya kilimo, uvuvi na ufugaji ya jimbo (IPAPEL) ao wajumbe wake katika teritware. Majirani wakijikusanya mbwa 10 ao 20 katika avenue moja, ni rahisi munganga kufika kuliko kila mmoja kwenda peke yake.

Karte ya chanjo inawekwa pamoja na karatasi nyingine za nyumba, hata wakati wa kukimbia. Siku mtoto wa jirani ataumwa, ulizo la kwanza la munganga litakuwa: mbwa huyo alipata chanjo? Mwenye karte atakuwa na jibu. Asiye nayo atabaki kuhesabu siku pamoja na mzazi wa mtoto.